Gemu zinatambaa, HDMI kimya, mwanga haupungui: chanzo ni kimoja

SWALI

Shikamoo fundi. Nipo Mwanza. Nilinunua laptopu ya gemu, used ya Dubai: Core i5 kizazi cha 10, RAM GB 16, kadi ya NVIDIA GTX 1650. Ilikuja na Windows 10, na niliposikia Microsoft wameacha kuihudumia nikaweka Linux Mint 22 pembeni yake. Nilipomaliza kuweka na kuwasha, giza tupu. Nikafuata video moja YouTube, nikaongeza neno nomodeset kwenye GRUB, programu ndogo inayowasha Linux, ikawaka. Sasa shida zangu ni hizi: gemu za Steam zinatambaa, hata CS2, feni zinanguruma muda wote, mwanga wa kioo haupungui hata nikibonyeza vibonye vyake, nikichomeka HDMI kwenye TV hakuna kitu, nikifunga kifuniko laptopu haiamki tena. Draiva ya NVIDIA nimeweka lakini nvidia-smi, amri ya kuikagua kadi hiyo, inasema imeshindwa kuwasiliana na draiva. Wi-Fi inakatika katika. Na nikirudi Windows nakuta saa imerudi nyuma masaa matatu. Huyu ananiambia nihamie Linux nyingine iitwayo Pop!_OS, yule Bazzite, mwingine anasema Linux si ya gemu, nirudi nilikotoka. Nianzie wapi? Na EA FC, ile ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, nitaweza kuicheza?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usihame popote, na usifomati chochote. Katika shida zote ulizoorodhesha, Wi-Fi na saa zina sababu zake peke yake. Zilizobaki, yaani gemu kutambaa, feni, mwanga, HDMI na laptopu kutoamka, zimetokana na neno ulilolitaja kwa kupita tu: nomodeset. Neno lile ni la kukuvusha mara moja, ufike ndani uweke draiva, kisha linatolewa. Wewe umelala nalo. Video nyingi huonyesha namna ya kuliweka na kuishia hapo hapo, kwa sababu kioo kimeshawaka na mwenye video kapata alichokitaka.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hutahitaji kuninakili tena mimi wala YouTube.

Laptopu yako ina kadi mbili za michoro. Ya kwanza ni ya Intel, imo ndani ya prosesa, inakula umeme kidogo, na ndiyo inayohudumia kioo muda mwingi. Ya pili ni hiyo GTX 1650, ambayo kazi yake ni kulala mpaka gemu iiamshe. Ulipowasha Mint mara ya kwanza, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilikuta kadi ya NVIDIA ikaikabidhi kwa draiva ya bure iitwayo nouveau. Draiva hiyo imejengwa na watu waliokuwa wakichunguza kadi kutoka nje bila msaada wa wenye kadi, na kwenye laptopu zenye kadi mbili mara nyingine inakwama pale pale mwanzoni. Ndiyo giza uliloliona. Uhasama huo una historia: mwaka 2012, pale chuo cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds mwenyewe aliionyesha NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. Ilibidi tungoje hadi Mei 2022 ndipo kampuni ikafungua sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kerneli, tena kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing. Kwa bahati nzuri GTX 1650 ni Turing, ingawa namba yake inafanya watu waidhanie ndugu ya GTX 1050.

Sasa, nomodeset inaiambia kerneli: draiva yoyote ya michoro isiguse kioo, bakini na picha ile ile iliyowashwa na BIOS, programu ya ubao inayoanza kabla ya mfumo. Sikiliza hapo: draiva yoyote. Haikuizuia nouveau peke yake, imeizuia na ya Intel, ambayo haikuwa na kosa lolote. Draiva ya Intel isipopanda, hakuna wa kupokea amri ya kupunguza mwanga. Hakuna wa kuhesabu kioo cha pili, kwa hiyo TV haionekani. Hakuna wa kukilaza kioo na kukiamsha. Na kwa kuwa hakuna kadi inayochora, kila nukta ya picha inachorwa na prosesa kwa mkono wake, hata dirisha la kawaida la faili. Feni zinazonguruma ni za prosesa inayofanya kazi isiyo yake. CS2 haikuonewa, haijawahi kuiona GTX yako hata siku moja.

Usinikubalie kwa maneno. Fungua terminali uandike:

cat /proc/cmdline

Huo ndio mstari ambao kerneli iliwashwa nao leo. Utaliona neno nomodeset limekaa humo, karibu na quiet splash. Kisha:

inxi -G

Tafuta sehemu iliyoandikwa renderer. Nina hakika utakuta llvmpipe. Hilo si jina la kadi. Ni jina la programu inayochora kwa kutumia prosesa pale ambapo hakuna kadi iliyojitokeza. Siku yoyote ukiliona neno hilo kwenye mashine yenye kadi ya michoro, acha kuhangaika na mipangilio ya gemu, tatizo liko chini zaidi. Halafu hii:

lspci -k | grep -EA3 "VGA|3D"

Itakuletea vifungu viwili, kimoja cha Intel, kingine cha NVIDIA. Chini ya kila kimoja soma mstari wa "Kernel driver in use". Kwa Intel unatakiwa uone i915, kwa NVIDIA unatakiwa uone nvidia. Wageni wengi hapa wanababaishwa na mstari wa chini yake, "Kernel modules", kwa sababu umetaja nouveau na nvidia na nyingine. Huo ni orodha ya wanaoweza kuifanya kazi. Anayeifanya ni yule wa "in use". Mstari huo usipokuwepo kabisa, na kwako naamini haupo, ujue kadi haina mwenyewe.

Tumebakiza nvidia-smi. Umesema draiva umeshaiweka, na nakuamini. Lakini kuwekwa kwenye diski ni jambo moja, kukubaliwa na kerneli ni jambo jingine. Jaribu:

mokutil --sb-state
sudo modprobe nvidia

Amri yenye sudo itadai neno la siri la akaunti yako. Ukiliandika hutaona herufi wala nyota, ni kawaida, andika tu ubonyeze Enter. Amri ya kwanza ikijibu SecureBoot enabled, na ya pili ikijibu "Key was rejected by service", basi tumemshika mtuhumiwa wa pili. Secure Boot ni ulinzi wa BIOS unaokataa chochote kisicho na saini inayotambulika. Kerneli ya Mint ina saini. Draiva ya NVIDIA mara nyingi inajengwa papo hapo kwenye mashine yako, na saini yake ni ya mashine yako tu, ambayo BIOS haijawahi kuiona. Inarudishwa mlangoni kama barua isiyo na mhuri wa serikali ya mtaa, hata kama kilichoandikwa ndani ni kweli tupu.

Kwa hiyo unatengeneza vitu viwili, na mpangilio una maana yake: kwanza draiva ikubaliwe, ndipo nomodeset itoke. Ukianza na kutoa nomodeset wakati draiva bado inakataliwa unaweza kurudi gizani, na utanilaumu mimi.

Kabla ya yote fungua Timeshift, imo tayari ndani ya Mint, uchukue nakala ya mfumo. Ni dakika chache, na ndiyo itakayokuokoa endapo utakosea herufi. Pia, kama Windows yako imefungwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft unakili ufunguo wa kurejesha, ule wenye tarakimu 48. Kubadilisha mambo ya Secure Boot kunaweza kuifanya Windows iudai, na usipokuwa nao mafaili yako ya huko yamekwenda. Uandike kwenye karatasi, usiuhifadhi kwenye laptopu hiyo hiyo.

Intaneti unayo shida nayo, basi kwa kazi hii achana na Wi-Fi. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na Mint itaiona kama waya wa mtandao bila kuuliza draiva yoyote. Angalia bando tu: draiva ya NVIDIA na viungo vyake ni mamia ya MB.

Fungua Driver Manager uangalie ni draiva ipi imewekwa. Chukua ile iliyoandikwa recommended. Kama uliwahi kupakua faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA, kama ulivyozoea Windows, hilo liondoe kwa kuliendesha tena na kuongeza --uninstall mwishoni. Faili lile Mint hailijui, hailisasishi, na siku kerneli ikibadilika draiva inavunjika usijue kwa nini. Kwenye Linux draiva inatoka kwenye hazina ya mfumo wako. Ninalishikilia hili kuliko jambo lolote katika barua hii.

Sasa mhuri. Angalia kama ufunguo wa mashine upo:

ls /var/lib/shim-signed/mok/

Ukiona MOK.der, omba usajiliwe:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakudai utunge neno la siri, mara mbili. Si la akaunti yako, ni la kutumia mara moja tu. Tunga jepesi, herufi ndogo na namba, usiweke alama za ajabu, kwa sababu mahali utakapoliandika tena kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Kimarekani na alama zinaweza kuhama. Kisha washa upya, na usiondoke mbele ya laptopu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na nashuku ndipo wewe uliteleza mara ya kwanza. Kabla Mint haijaanza itatokea skrini ya bluu ikisema "Press any key to perform MOK management", na inahesabu sekunde chache tu. Inafanana na ile bluu ya Windows ya kuanguka, kwa hiyo mtu anaogopa, anaiacha ipite, au anazima kwa kidole. Ikipita, ombi limefutika, na mokutil unaianza upya.

Bonyeza kibonye chochote. Chagua Enroll MOK, halafu Continue, halafu Yes, andika lile neno la siri jepesi, kisha Reboot. Basi. Ukirudi ndani andika nvidia-smi. Badala ya malalamiko utapata jedwali: jina la kadi, namba ya draiva, joto, na kumbukumbu kati ya MB 4096.

Folda ile ikiwa tupu, tengeneza ufunguo kwa sudo update-secureboot-policy --new-key, kisha ondoa draiva na kuiweka tena ili isainiwe, ndipo urudie mokutil. Na kama haya yote yanakuchosha, njia ya mkato ipo: ingia BIOS uzime Secure Boot. Mashine isiyo na Windows ningekuambia uizime tu na tusipoteze muda. Hao wanaokupeleka Pop!_OS wajue nayo inataka Secure Boot izimwe, kwa hiyo unachokimbia utakikuta. Kwako wewe mwenye Windows pembeni naona ubaki nayo, maana ukija kuhamia Windows 11 kuna gemu, Valorant mojawapo, zinazokagua kama imewashwa.

Draiva imekubaliwa, sasa tunatoa nomodeset.

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Futa neno nomodeset peke yake, uache "quiet splash" na alama zake za kufungua na kufunga. Ctrl+O na Enter kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Kisha:

sudo update-grub

Amri hii usiisahau, bila hiyo hujabadilisha kitu. Washa upya. Jaribu kibonye cha mwanga kwanza, kabla hata hujafungua kitu kingine. Mwanga ukipanda na kushuka, draiva ya Intel imerudi kazini, na inxi -G itakuonyesha jina la Intel badala ya llvmpipe. Chomeka HDMI. Kwenye laptopu nyingi za aina hii tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi ya NVIDIA, ndiyo maana hata draiva ya Intel ikiwa nzima TV hubaki nyeusi mpaka NVIDIA nayo ikae sawa. Halafu funga kifuniko, subiri kidogo, fungua.

Na likirudi giza? Hutakufa. Washa ukibonyeza Esc au Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, simama juu ya Linux Mint, bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni, bonyeza F10. Inafanya kazi kwa kuwasha huko tu. Ukizima, limepotea lenyewe. Hivi ndivyo lilivyopaswa kutumika tangu siku ile. Mara nyingine giza ni la kioo tu, mfumo upo hai nyuma yake: bonyeza Ctrl+Alt+F3, ukipata sehemu ya kuandika jina, ingia na uendeshe amri zako humo humo.

Tuje kwenye gemu. Mashine ya kadi mbili haipeleki gemu kwa NVIDIA yenyewe tu, inategemea hali iliyowekwa. Uliza:

prime-select query

Ikisema intel, GTX imezimwa. Ikisema nvidia, GTX inafanya kila kitu, hata kusoma barua pepe, na betri itaisha haraka mno. Unayotaka ni on-demand, na inawekwa kwa sudo prime-select on-demand kisha kuwasha upya. Katika hali hiyo Intel inaendesha meza, NVIDIA inaamshwa na anayeihitaji. Ndani ya Steam bofya gemu kwa kulia, nenda Properties, na kwenye Launch Options andika:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia __VK_LAYER_NV_optimus=NVIDIA_only %command%

Gemu ikiwa wazi, toka kidogo uandike nvidia-smi kwenye terminali. Jina la gemu likionekana chini kabisa ya jedwali, imefika panapotakiwa. Nikutahadharishe na kitu kimoja: usitumie nvidia-smi kupima kama kadi imelala wakati hakuna gemu, maana swali lenyewe linaiamsha. Ukitaka kujua usingizini au la, soma faili hili, ukibadilisha namba kama lspci imekuonyesha nyingine:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status

Ikijibu suspended, betri yako ipo salama.

CS2 na Dota 2 zina toleo la Linux la kwao. Nyingi nyingine zinapitia Proton, chombo ambacho Valve, wenye Steam, walikitoa Agosti 2018, kinachotafsiri DirectX, lugha ya michoro ya Windows, kwenda Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa, wakati gemu inaendelea. Kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya Compatibility, hakikisha imeruhusiwa kutumika kwa gemu zote. Ukifungua gemu mara ya kwanza utaona ikishughulika na "Vulkan shaders" na prosesa ikipanda. Iache imalize, ukiikatiza gemu itakuwa inashtuka shtuka kila kona mpya. Gemu za DirectX 12 zitakupa fremu pungufu kidogo ukilinganisha na Windows kwenye kadi hiyo hiyo. Za DirectX 11 kushuka chini, wengi hawatambui tofauti.

Usijaribu kuchezea gemu zilizoko kwenye patisheni ya Windows. Najua unataka kuokoa bando, kila mtu hulijaribu hili. Windows ikizimwa huku Fast Startup imewashwa haizimi kabisa, inalala nusu, na Linux ikiona hivyo inakataa kuandika humo. Hata ukiizima Fast Startup, mafaili ambayo Proton inayatengeneza hayakai vizuri kwenye NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Fanya hivi badala yake: nakili folda nzima ya gemu kutoka steamapps/common ya Windows, uibandike kwenye steamapps/common ya Steam ya Linux, kisha bonyeza Install kwenye Steam. Itakagua yaliyopo na kupakua kilichopungua tu. Kwa gemu ya GB 60 hilo ni bando la mwezi.

Kuhusu EA FC sitakupa matumaini hewa: haitacheza. Kuanzia FIFA 23, EA waliweka ulinzi wao dhidi ya udanganyifu, unaokaa ndani kabisa ya Windows, na Proton haina pa kuuweka. Valorant ni hivyo hivyo. Apex Legends ilikuwa inacheza, EA wakaifungia Linux Oktoba 2024. GTA V ya hadithi inakwenda, ya mtandaoni imefungwa tangu Septemba mwaka huo. Hakuna amri ya terminali itakayolibadilisha hilo, wala distro, yaani aina ya Linux, kwa hiyo anayekuambia Bazzite itakuchezea FC anakudanganya. Kabla ya kununua gemu yoyote itafute kwenye tovuti ya ProtonDB usome watu wenye kadi kama yako wamesema nini. Na Windows yako iache palepale kwa ajili ya FC, ila ujue Windows 10 ya kawaida iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Usiingilie humo mambo ya benki wala barua pepe zako.

Saa. Kwenye ubao wa laptopu kuna saa ndogo inayoishi kwa betri yake. Linux inaandika humo saa ya UTC, ile ya kimataifa, halafu inaongeza tatu ili upate ya Afrika Mashariki. Windows inadhani iliyoandikwa humo ni ya hapa hapa. Ndiyo maana ukiingia saa mbili usiku inakuambia saa kumi na moja jioni, na tovuti zinaanza kukataa kufunguka kwa sababu ya tarehe na vyeti. Dawa ni mstari mmoja upande wa Mint:

timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utakugombeza kwamba njia hii si nzuri. Sababu kubwa ya kugombeza ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, hapo mifumo miwili inagombania kuisogeza. Mwanza saa haisogezwi. Endelea.

Wi-Fi ikikatika kila unapoacha kuitumia kidogo, mara nyingi ni kubana umeme. Fungua faili hili kwa sudo nano:

/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Kwenye wifi.powersave badilisha 3 iwe 2, hifadhi, kisha sudo systemctl restart NetworkManager. Ikiendelea kukatika hata hapo nitumie jina la kadi ya Wi-Fi kutoka lspci, maana Intel, Realtek na MediaTek kila mmoja ana tabia zake.

Jambo moja hukuuliza, lakini mashine ni used. Gemu zikishaanza kwenda kweli, fungua terminali pembeni uendeshe watch -n 1 sensors, uangalie joto la prosesa. i5 ya kizazi hicho hujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 100. Ukiiona inagonga huko ndani ya dakika chache na fremu zinaporomoka, Linux haihusiki: peleka kwa fundi afungue, apulize vumbi, abadilishe ile dawa ya kupoza iliyo kati ya prosesa na chuma chake. Na gemu cheza ukiwa kwenye chaji. Kwenye betri kadi inabanwa kwa makusudi, na hakuna mpangilio wa gemu utakaoifungua.

Ukikwama popote, usiniandikie kwamba imegoma. Nitumie matokeo ya hizi mbili, kama maandishi, si picha ya kioo uliyoipiga kwa simu:

inxi -Fxxxz
journalctl -b -1 -p err

Ile z inaficha namba za utambulisho wa mashine yako, kwa hiyo matokeo ya amri ya kwanza unaweza kuyaonyesha kwa yeyote. Ya pili inaleta makosa ya kuwasha kulikopita, siyo kwa sasa, kwa hiyo iendeshe mara tu baada ya kuwasha upya kutoka kwenye tatizo. Na uniambie hatua ya mwisho iliyokubali ilikuwa ipi, tuanzie hapo.